Noti ililindwa, amana ikaachwa: hotuba kuhusu benki za miji midogo ya Marekani na pesa zilizobeba majina yao

Wengi hamkufika Jumamosi pale Minneapolis na simu zimekuwa nyingi mkiuliza niliongea nini, basi nimekaa nikaandika yote kama nilivyoyasema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, ila maneno ni yaleyale.

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu shikamooni. Wadogo zangu habari za jioni. Naishukuru kamati kwa kunipa nafasi hii. Niliombwa niongelee historia ya pesa kwa sababu kikundi chetu cha akiba kinakua na kuna wenzetu wanasema tuanzishe kitu kikubwa zaidi, na mimi nikasema sawa, lakini kabla hatujafika huko hebu niwasimulie jinsi watu wa nchi hii tunayoishi walivyohangaika na jambo hilohilo kwa miaka zaidi ya mia. Swali lao lilikuwa moja. Ukipokea karatasi ya mtu, au ukimkabidhi pesa yako akuwekee, dhamana iko wapi? Nitaliuliza sana jioni hii, mnivumilie.

Hebu kila mtu atoe noti ya dola, yoyote ile, moja, tano, ishirini. Mmeziona? Haina jina la mji wako. Noti ya Texas na noti ya Minnesota ni ileile, hakuna anayeuliza imetoka wapi. Sasa miaka mia moja iliyopita mtu angetoa noti mfukoni hapahapa Minnesota na juu yake ungesoma First National Bank, alafu jina la mji, mji mdogo wenye barabara moja na kanisa na ghala la nafaka, na chini kuna sahihi mbili, ya rais wa benki na ya keshia, yaani mtendaji wake wa kila siku, watu anaokutana nao sokoni na watoto wao wanasoma darasa moja na wa kwake. Hiyo ilikuwa pesa halali ya Marekani kabisa, sio kuponi, sio vocha. Zaidi ya benki 12,000 zilitoa noti za aina hiyo kati ya 1863 na 1935. Benki elfu kumi na mbili! Ni wangapi humu tulikuwa tunajua hilo?

Ila mambo hayakuanzia hapo, yalianza vibaya sana, na lazima tuanze na ubaya wenyewe ndio tuelewe kwa nini walijenga walichojenga.

Kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, vile vya 1861, serikali ya Marekani ilikuwa inatengeneza sarafu za dhahabu na fedha lakini noti za karatasi za kila siku zilikuwa za benki binafsi zenye leseni za majimbo. Utaratibu ulikuwa hivi. Watu wanachanga mtaji, wanaweka sarafu kwenye sefu, wanachapisha noti zilizoandikwa kwamba benki itamlipa mwenye noti hii dola tano za sarafu pindi akiidai, alafu wanazikopesha zile noti na kula riba. Mkulima anakopa noti, ananunua ng'ombe, mwenye ng'ombe ananunua chumvi, noti inazunguka mpaka siku mtu anairudisha dirishani anataka sarafu yake. Sasa fikirini kidogo. Benki inapata faida pale noti ikichelewa kurudi, na isiporudi kabisa ndio raha zaidi. Kwa hiyo mtu asiye mwaminifu angependa benki yake iwe wapi? Mahali ambapo hakuna mtu anafika!

Nianze na kijiji kinaitwa Chepachet, kwenye wilaya ya Glocester, jimbo la Rhode Island. Mwaka 1804 wenyeji walifungua benki yao wakaiita Farmers' Exchange Bank. Ilikuwa benki ya wakulima, ndogo, haina makuu. Mwaka 1808 akatokea mfanyabiashara wa Boston anaitwa Andrew Dexter akanunua hisa akaishika yote. Huyu bwana alikuwa anajenga Boston jengo la ghorofa saba, Exchange Coffee House, katika enzi ambayo ghorofa saba ilikuwa maajabu, na pesa ya kulijenga aliitoa kwenye noti za kile kijiji. Barua zake kwa keshia zipo mpaka leo kwa sababu bunge la Rhode Island lilizichunguza. Alikuwa anamhimiza keshia asaini noti, asaini na jioni pia, na afanye kazi hiyo chumba cha faragha watu wasishtuke. Noti zikamwagwa Boston na mbali zaidi. Kutoka Boston mpaka Chepachet na farasi na barabara za wakati ule, nani ataenda kudai sarafu ya noti ya dola moja?

Machi 1809 benki ikafungwa. Wakaguzi walipofungua sefu, dhidi ya noti za dola laki kadhaa zilizokuwa mikononi mwa watu, walikuta sarafu za dola 86 na senti kadhaa. Narudia. Dola themanini na sita. Inahesabiwa kuwa ndiyo benki ya kwanza kufilisika Marekani. Dexter akakimbia, baadae akaenda kusini Alabama akashiriki kuanzisha mji wa Montgomery, na lile ghorofa likaungua moto 1818. Walioumia ni akina nani? Ni fundi seremala aliyelipwa mshahara kwa zile noti, ni mama muuza maziwa. Dhamana ilikuwa wapi? Haikuwepo, kulikuwa na sahihi tu.

Mnaweza kusema huyo ni mtu mmoja mbaya. Haya twende Michigan, 1837. Jimbo jipya kabisa, watu wanamiminika, kila mtu ana mpango wa kuanzisha mji. Wakapitisha sheria kwamba kikundi chochote kikitimiza masharti kinaweza kufungua benki bila kuomba ruhusa maalum bungeni. Wazo zuri hilo, mimi nalitetea kabisa, lilikuwa linavunja ukiritimba wa wakubwa. Sharti mojawapo lilikuwa sehemu ya mtaji iwepo kwa sarafu, na kuwe na wakaguzi wa kuzunguka kuhakiki. Wakaguzi wakazunguka. Walichokuta wakakiandika kwenye ripoti zao. Masanduku yamejaa misumari na vipande vya vioo, juu yametandazwa sarafu za fedha tabaka moja. Na walikuta sarafu zilezile zinasafiri mbele yao, leo wamezihesabu benki hii, usiku zimepakiwa kwenye gari la farasi, kesho wanazihesabu tena benki nyingine. Mmoja wa wakaguzi hao, Alpheus Felch, baadae alikuja kuwa gavana wa jimbo.

Kwenye jimbo hilohilo kulikuwa na mji unaitwa Singapore. Ndio, Singapore, mdomoni mwa mto Kalamazoo, ziwa Michigan. Mwekezaji kutoka New York alipima viwanja mwaka 1836 akaota utashindana na Chicago. Ukapata benki yake na noti zenye jina la Singapore, na wenyeji wa eneo hilo mpaka leo wanasimulia jinsi benki hiyo ilivyokuwa inaazimana sarafu na benki ya Allegan huko juu mtoni kila mkaguzi akikaribia. Benki ikafa haraka. Mji wenyewe ukaendelea kama mji wa mbao, na baada ya mioto mikubwa ya 1871 iliyounguza Chicago na miji mingine ya ukanda ule, miti ikakatwa kujenga upya mpaka ikaisha, na bila miti, mchanga wa ziwa ukaanza kutembea ukaufunika mji. Uko chini ya mchanga mpaka leo. Noti zake zipo, watoza, wale wanaokusanya noti za kale, wanazinunua.

Sasa naomba tuelewane, sitaki mtoke hapa mkisema benki zote za zamani zilikuwa za wezi. Hapana. Zilikuwepo benki za vijijini za New England ambazo noti zao zilipokelewa kwa thamani kamili miaka na miaka, na hilo halikutokea kwa uchamungu, lilitokea kwa sababu benki moja ya Boston, Suffolk Bank, ilianzisha mtindo wa kukusanya noti za vijijini zote. Ukiweka akaunti kwake, noti zako anazipokea bila kukata. Ukikataa, anazikusanya anakuletea gunia zima siku moja anataka sarafu! Benki za vijijini zililalamika sana lakini zilinyooka. Kumbe mtu akijua noti itarudi, anachapa kwa adabu.

Kwingine ilikuwa vurugu. Mwaka 1860 kulikuwa na benki kama 1,600, kila moja na noti zake na ukubwa wake na picha zake, kulikuwa na noti za dola tatu, kulikuwa na noti zenye picha ya Santa Claus, na za kusini zilikuwa na picha za watumwa wakichuma pamba, hilo nalo tusilipite kimya, watu weusi walikuwa wamechorwa kwenye pesa kama sehemu ya mali ya benki. Mwenye duka kaunta yake ilikuwa na kijitabu kinachotoka kila wiki kinachomwambia noti ya benki fulani ikatwe kiasi gani, ipi ni feki, ipi benki yake imeshakufa. Kijitabu maarufu kilikuwa cha bwana John Thompson wa New York. Mtu anatoka na dola kumi Ohio akifika New York ni dola tisa na kitu, na yeye hajatumia hata senti. Feki zilikuwa nyingi mpaka 1865 wakaunda idara ya Secret Service, hao mnaowaona leo wanamlinda rais, kazi yao ya kwanza ilikuwa kukamata watengeneza noti bandia.

Basi ikaja vita. Serikali ya rais Lincoln haina pesa, waziri wa Hazina ni Salmon Chase, na Februari 1863 bunge likapitisha sheria mpya ya benki za taifa, ikarekebishwa Juni 1864. Mimi naona hii ni moja ya sheria zilizofikiriwa vizuri kuliko zote nchi hii, nawaomba mnisikilize hapa kwa makini maana ndio kiini cha nilichokuja kusema.

Benki ya mji mdogo inabaki ya mji mdogo. Wenyewe ni wa palepale. Lakini ikitaka kutoa noti, lazima kwanza inunue hati fungani za serikali ya Marekani, yaani karatasi za kuikopesha serikali kwa riba, na kuzikabidhi Hazina, Washington. Ukiweka hati za dola 50,000, unaruhusiwa noti za dola 45,000, yaani asilimia 90. Benki yako ikifa, serikali inauza hati zako inawalipa wenye noti zako. Na kama hazitoshi, serikali inalipa yenyewe alafu inakufuata kwenye mali zako. Noti ya benki moja ya taifa ilikuwa lazima ipokelewe kwa thamani kamili na benki nyingine zote za taifa. Hakuna tena kijitabu, hakuna kukatwa. Dhamana iko wapi? Iko Washington, imefungiwa, keshia hawezi kuigusa hata akitaka!

Tunafahamu upatu sisi. Kwenye upatu mtu anaaminika kwa sababu tunamjua, tunamjua na mama yake. Lakini akihamia Seattle? Hapo ndipo Wamarekani walipoongeza kitu, kwamba dhamana ya ahadi asiishike mtoa ahadi.

Na benki ilipata nini? Ilikula mara mbili. Hati zake zinaingiza riba kutoka serikalini, na zile noti 45,000 inazikopesha wenyeji kwa riba nyingine, kodi kwa serikali ikiwa ndogo. Benki za majimbo zilizosita zikapigwa kodi ya asilimia 10 juu ya noti zao, sheria ya 1865, noti zao zikatoweka. Leseni namba 1 ilikwenda Philadelphia, lakini mji wa Davenport, Iowa, ndio ulifungua mlango wa kwanza tarehe 29 Juni 1863, mji wa mtoni wa huku kwetu magharibi ya kati. Yule John Thompson wa kijitabu naye akafungua benki ya taifa New York, na 1877 akaanzisha nyingine akaipa jina la waziri Chase. Ndiyo hiyo Chase ambayo wengi wenu mishahara inaingia.

Napenda sana namna noti hizi zilivyofika mjini. Zilichapwa mbali, zinakuja kwa karatasi nzima zenye noti kadhaa, nyingi noti nne, hazijasainiwa. Keshia anazipokea, anaketi na kalamu, anasaini moja moja, alafu rais wa benki anasaini, ndipo zinakatwa kwa mkasi. Ndio maana za zamani kingo hazijanyooka. Ukishika noti ya 1882 unaona wino wa mtu aliyeishi. Mwaka 1883 huko Marion, Iowa, mume wa Louisa Stephens alifariki akiwa rais wa First National Bank ya pale, na mama huyo akachukua kiti, anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa benki ya taifa nchi hii. Wanawake walikuwa hawaruhusiwi hata kumpigia kura rais wa nchi. Dada zangu mnaoshika hesabu za kikundi chetu, mnasikia?

Mwaka 1900 wakalegeza. Mtaji wa chini ulikuwa dola 50,000, wakaushusha mpaka 25,000 kwa miji isiyozidi watu 3,000, na noti zikaruhusiwa mpaka thamani yote ya hati. Hapo ndipo vijiji hasa vikaingia, ndani ya miaka kumi idadi ya benki za taifa ikakaribia kuwa mara mbili. Oklahoma, Dakota, Texas, miji ambayo reli imefika juzi tayari ina noti yenye jina lake.

Kasoro zilikuwepo na sitazificha. Kusini, kulikoharibiwa na vita, mgao wa noti uliwafikia kidogo sana huku New England wakishiba. Benki hizi zilikuwa haziruhusiwi kukopesha kwa rehani ya ardhi mpaka 1913, sasa mkulima mali yake ni nini kama sio ardhi? Na idadi ya noti ilifuata bei ya hati fungani badala ya kufuata mavuno, kwa hiyo kila vuli wakati wa kuvuna pesa zinakauka, na 1907 ikawa hofu kubwa ya benki iliyowasukuma mpaka wakaunda Federal Reserve, benki kuu ya nchi hii, mwaka 1913.

Lakini kuna kasoro kubwa kuliko hizo zote, na kwangu ndio moyo wa jioni hii.

Benki ina ahadi mbili. Ahadi ya kwanza ni noti. Ahadi ya pili ni amana, ile pesa uliyoenda kuweka ukapewa kitabu. Ahadi zote mbili zinatoka dirisha lilelile, kwa keshia yuleyule, mtu wa kawaida ataona tofauti gani? Sheria ya 1863 ililinda noti kwa chuma. Amana ikaachwa. Benki ikifilisika, noti zake zinaendelea kutembea sokoni kama hakuna kilichotokea, unanunulia mkate noti ya benki iliyokufa na mwenye duka anapokea akitabasamu. Jirani yako aliyeweka amana kwenye benki hiyohiyo anasubiri mfilisi, mwaka, miaka, apate senti kadhaa kwa kila dola.

Mnataka mfano wa karibu? Northfield, hapo kusini kama maili 40. Tarehe 7 Septemba 1876 genge la majambazi la Jesse James na ndugu wa Younger waliingia First National Bank ya Northfield. Keshia alikuwa safarini, amemwachia nafasi mtunza hesabu Joseph Lee Heywood. Wakamwekea bastola, fungua sefu. Akawaambia haifunguki, ina kufuli ya saa. Sefu ilikuwa imerudishiwa tu, haijafungwa! Hawakujaribu kuivuta. Nje watu wa mji wakaelewa kinachoendelea, mwenye duka la vifaa akachukua bunduki, mwanafunzi wa udaktari akapanda dirisha la hoteli juu akapiga risasi, wengine wakarusha mawe. Majambazi wawili wakafia barabarani, na mhamiaji wa Sweden, Nicholas Gustafson, aliyekuwa hajui Kiingereza vizuri, akapigwa risasi akafariki siku kadhaa baadae. Heywood alipigwa risasi kichwani palepale kaunta. Genge likaondoka na dola chache tu.

Watu huuliza, kwa nini watu wa mji walipigana hivyo kwa ajili ya benki? Ndugu zangu, hakukuwa na bima. Pesa iliyokuwa kwenye lile sefu ilikuwa ya mwenye duka, ya mkulima, ya mjane. Ingeibiwa, Washington isingewalipa hata senti. Noti zao zilikuwa na dhamana, akiba zao hazikuwa nayo, dhamana ya akiba siku ile ilikuwa ni Heywood.

Mfano wa pili unaniuma zaidi. Machi 1865 bunge lilianzisha benki ya akiba ya waliokuwa watumwa, Freedman's Savings Bank, Lincoln akasaini. Watu waliotoka utumwani juzi, wafua nguo, wanajeshi weusi, wapagazi, wakaweka senti zao, na vitabu vyao vya akiba vilikuwa na picha za Lincoln na majenerali, kila mtu akaamini serikali iko nyuma yake. Serikali haikuwa nyuma yake. Wakubwa wakakopeshana pesa ile kwa miradi mibovu. Mwaka 1874 wakamleta Frederick Douglass, mtetezi mashuhuri wa watu weusi aliyewahi kuwa mtumwa, awe rais wa benki, akaweka humo dola 10,000 zake binafsi kabla hajagundua imeoza, na katikati ya mwaka huohuo ikafungwa. Zaidi ya watu 60,000 walikuwa na karibu dola milioni 3 mle. Baadhi walikuja kulipwa sehemu, wengi hawakupata kitu. Miaka hiyohiyo tajiri mwenye noti ya benki yoyote ya taifa alilala usingizi, kwa sababu noti yake ina hati fungani Washington. Mtu mweusi mwenye kitabu chenye picha ya Lincoln, dhamana yake ilikuwa picha!

Ilichukua miaka mingapi kurekebisha? Sabini. Ilibidi benki kama 9,000 zife kati ya 1930 na 1933, nyingi zikiwa za miji midogo, ilibidi rais Roosevelt afunge benki zote za nchi Machi 1933, ndipo ikapitishwa sheria ya bima ya amana, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1934, mwanzo ikilinda dola 2,500 kwa mtu, leo ni 250,000. Na mwaka 1935 serikali ikazilipa na kuziondoa zile hati fungani za mwisho zilizoruhusiwa kushika noti, na noti za miji zikakoma. Angalieni jinsi zilivyofuatana. Kinga ya amana inaingia, kinga ya noti ya mji inaondoka, mwaka mmoja tu katikati.

Niseme kidogo na la nyumbani, maana wazee wa Tabora wamo humu. Vita vya kwanza vya dunia, Mjerumani amezungukwa na meli za Waingereza, noti za rupia haziwezi kuja kutoka Ulaya. Kuanzia 1915 wakachapa noti za muda Dar es Salaam na Tabora kwenye karatasi yoyote iliyopatikana, zinasainiwa kwa mkono, na 1916 pale Tabora karakana ya reli ikatengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye tembo, dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Septemba 1916 Wabelgiji wakauchukua mji. Tabora nayo iliwahi kutengeneza pesa, vijana mjue hivyo.

Na la mwisho ni Tenino, jimbo la Washington, mji mdogo sana. Desemba 1931 benki yao pekee ilifungwa, watu wana amana lakini hawana hata chenji ya kununua unga. Chama cha wafanyabiashara kikakubaliana na wenye amana, nikabidhi sehemu ya dai lako kwa benki iliyofungwa, nikupe pesa ya mji. Mwenye gazeti akaichapa, baadae kwenye vipande vyembamba vya mbao, kwa sababu mbao ndio walikuwa nayo. Pesa ya mbao ikajulikana nchi nzima, watoza wakainunua na nyingi haikurudi kudaiwa kabisa. Alafu 2020, korona, maduka yamefungwa, mji huohuo ukatoa tena mashine ileile ya zamani ukachapa noti za mbao za dola 25, wakazi walioathirika wakapewa mpaka dola 300 kwa mwezi, zinapokelewa na maduka ya mjini. Safari hii mji ulitenga kwanza dola halisi kwenye mfuko, dola kwa dola, mwenye duka akipeleka mbao ofisini analipwa. Mmeona tofauti na Chepachet? Pesa imewekwa pembeni kwanza, mbao zimechapwa baadae.

Nimeleta noti chache ziko pale mezani, mnaweza kuzishika kwa kingo. Kama mzee unayemhudumia kazini au mwenye nyumba wako akikuonyesha noti ya zamani yenye jina la benki na mji na namba ya leseni, mwambie asiipeleke dukani, bado ni pesa halali kwa thamani iliyoandikwa lakini watoza wanaweza kuilipia zaidi sana, hasa kama mji ulikuwa mdogo. Northfield jengo la benki ile ni makumbusho, unaingia unaona kaunta. Na kule Okoboji, Iowa, ukivuka tu mpaka wa Minnesota, kuna makumbusho ya Higgins ya noti hizihizi, hufunguliwa msimu wa joto. Wanaotaka twende pamoja waandike majina kwa katibu kabla ya kuondoka, magari mawili yameshapatikana. Asanteni sana, sasa karibuni maswali, na tuanze na mama pale nyuma ambaye mkono wake umekaa juu muda mrefu.